Naandika riwaya ya kisayansi ya vijana kuhusu Ziwa Tanganyika mwaka 2096. Mashine ya binti ifanye kazi au isifanye?

MwanaKatonga (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, naandika riwaya ya vijana, walengwa ni wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Ni hadithi ya kisayansi, mambo ya miaka ijayo. Nimefika katikati nimekwama, na nilipokwama ndipo hadithi nzima inapoegemea.

Mwaka ni 2096. Upepo wa kusi, ule unaoanza kuvuma Mei na kutulia Septemba, haufui dafu tena mbele ya joto la ziwa. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki. Ukitazama ni maji masafi mno, unaona mawe ya chini, lakini hayana chakula cha samaki. Dagaa wametoweka, samaki aitwaye mgebuka amebaki midomoni mwa wazee. Ashura, binti wa miaka 16, anaokota mabomba kwenye ghala la bandari ya zamani lililomezwa na maji, anaunda pampu ya umeme wa jua inayovuta maji ya kilindini na kuyaleta juu ili rutuba irudi, mwani uote, dagaa wapate kula.

Nataka kujua kwanza kama hilo linaingia akilini kisayansi, maana kijana wa leo ukimdanganya anafunga kitabu. Halafu mashine yenyewe. Ikifanya kazi, naogopa msomaji ataondoka akiamini tunaweza kuharibu tutakavyo, fundi atakuja kurekebisha. Isipofanya kazi, nitamwachia mtoto wa miaka 14 huzuni ambayo hana pa kuipeleka. Na mwisho, nisaidieni ujumbe wa mazingira uingie bila kitabu kugeuka hotuba ya siku ya kupanda miti.

Nawasilisha.

MsomajiWaUsiku

Ifanye kazi mkuu. Vijana wamelishwa habari za mwisho wa dunia mpaka wamechoka. Wape mtu anayejenga kitu kwa mikono yake.

MtuWaMaji

Mkuu, msingi wa hadithi yako ni wa kweli, ndiyo maana nitaandika kwa kirefu.

Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale palipochimbika zaidi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Lakini samaki hawaishi humo mote. Huku kwetu kaskazini, ukishuka kama mita 100 oksijeni inakwisha. Upande wa kusini inafika chini zaidi, karibu mita 200. Kuanzia hapo hadi sakafuni hakuna samaki. Ziwa lote hili tunaloringia, kinachotulisha ni tabaka jembamba la juu.

Sasa angalia joto. Maji ya juu yana nyuzi 25 hadi 27, ya chini kama 23.5. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya ya juu yaelee juu ya mengine kama mawese juu ya mchuzi. Anayevunja utengano huo ni upepo wa kusi. Unayasukuma maji ya juu kuelekea Bujumbura, na kule Mpulungu, ncha ya kusini upande wa Zambia, maji ya chini yanapata nafasi ya kupanda na rutuba yake. Upepo ukitulia, matabaka yanayumba kaskazini na kusini kwa muda mrefu, na kila yanapoyumba rutuba kidogo inapanda. Hewa ikizidi joto, maji ya juu yanazidi kuwa mepesi, upepo unashindwa kuyavuruga. Hilo halisubiri 2096. Mwaka 2003 watafiti walishachapisha ushahidi kwamba ziwa limepata joto na uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka.

Tuje kwenye pampu ya Ashura. Maji ya kilindini yana rutuba, kweli, lakini yana pia salfidi hidrojeni, gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo ni sumu kwa samaki. Akivuta kidogo kidogo, karibu na pale oksijeni inapoishia, atapata mwani na baadaye dagaa. Akishusha bomba mita 600 na kuvuta kwa pupa, asubuhi ufukwe wa Katonga, hapa hapa Kigoma, utajaa mizoga. Kwa hiyo mimi nisingechagua kati ya kufaulu na kushindwa. Mashine ifanye kazi msimu wa kwanza, watu wale, washangilie, kisha waidai ivute zaidi. Hapo ndipo riwaya inapoanza hasa.

Kingine ni matope ya sakafuni. Kwa kuwa kule chini hakuna oksijeni, hakuna viumbe wa kuyafukua, yanajilaza tabaka juu ya tabaka yakiwa na mifupa na magamba ya samaki wa zama zote. Utafiti wa matope hayo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha samaki walianza kupungua kadiri ziwa lilivyopata joto, hata kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza miaka ya 1950. Mpe Ashura mche wa matope mkononi, yaani kipande kirefu kilichochomolewa sakafuni na matabaka yake, aanze kusoma.

Ila usilete mlipuko wa gesi Kigoma. Hiyo ni hatari ya Ziwa Kivu, lenye methani na kaboni dioksidi kilindini. Maji ya Kivu yanatufikia kwa mto Ruzizi, lakini Tanganyika halina shehena ya gesi ya namna ile.

MamaKibirizi

Mdogo wangu, mimi siyo msomi wa maji, nauza dagaa. Hayo ya mifupa yamenigusa, kwa sababu kwenye kila mkutano lawama huangukia mvuvi na nyavu zake. Lakini na wewe usimtakase mvuvi. Nyavu za macho madogo zipo, makokoro yale ya kukokota hadi ufukweni yapo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike, sisi wa sokoni tulionja kukaa bila dagaa. Chukua hiyo. Bibi yake Ashura awe amesikia kwa mama yake habari za ile miezi mitatu, jinsi watu walivyoihesabu wiki kwa wiki. Ashura asielewe. Atawezaje kuelewa ziwa lililofungwa likafunguliwa tena, wakati la kwake yeye halijafunguka tangu azaliwe?

Na weka vitu vya kushikika. Wavuvi wa dagaa hutoka nyakati za giza. Mbalamwezi ikiwaka wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, maana dagaa hawaifuati taa. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni taa za sola. Usiku wa giza ukisimama kilimani unaziona zimetapakaa ziwani. Mwaka 2096 hazipo. Usiniandikie "mazingira yameharibika". Niandikie mtoto anayeuliza zile chanja za waya zinazooza ufukweni zilikuwa za kuanikia nini.

MzeeWaUjiji

Kijana wangu, nimefurahi umeandika bandari imemezwa na maji. Wengi wakiandika habari za miaka ijayo hukimbilia jangwa, kila kitu kimekauka, watu wanagombania ndoo. Sisi wa mwambao huu tumeona kinyume. Ziwa limepanda miaka hii ya karibuni, limeingia bandarini, limeingia majumbani, na jirani zetu wa Gatumba kule Burundi wamehama nyumba zao. Hata miaka ya 1960 lilipanda. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa kuvukizwa na jua kuliko yanayopita mlango huo. Ndiyo kusema, uchafu unaoutia humu hauna haraka ya kwenda popote.

Kwa hiyo mji wako wa 2096 upandishe kilimani. Mitaa ya chini iwe ya kupita kwa mtumbwi. Kisha jibu swali ambalo kila mtoto wa hapa atakuuliza: inakuwaje maji yameongezeka na samaki wamepungua? Ukilijibu kwa visa vya Ashura, hotuba huihitaji.

MwanaKatonga (Kigoma)

Shikamoo mzee. Swali hilo naliweka kinywani mwa mdogo wake Ashura, sura ya kwanza kabisa.

MtuWaMaji, asante sana. Hilo la kuvuta kwa pupa limenifungulia mlango. MamaKibirizi, chanja nazichukua zote dada yangu.

TichaIsevya (Tabora)

Nafundisha Kiswahili sekondari huku Tabora, na huwa nawasomea wanafunzi hadithi kwa sauti darasani. Nikupe ninachokiona. Mhusika akianza kusema "sisi vijana tunapaswa kutunza", macho yanahamia dirishani papo hapo. Mhusika akifanya uamuzi mgumu, hakuna anayekohoa. Kwa hiyo katika rasimu yako tafuta kila sentensi yenye "tunapaswa" na uifute, hata kama umeipenda. Ujumbe ubebwe na gharama. Ashura akiwasha mashine anapoteza nini? Akiizima, nani anamchukia?

Ombi la pili, na hili nalisema kwa uchungu wa mtu wa bara: usilifanye ziwa kuwa la Kigoma peke yake. Mto Ugalla unatoka huku kwetu, unaingia Malagarasi, Malagarasi inamwaga Tanganyika. Miombo yetu ikikatwa kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku, udongo wake una njia ya kufika huko. Kinachouchuja njiani ni yale maeneo oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yaliandikishwa kuwa eneo la kwanza Tanzania chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu. Je, mwaka 2096 yangalipo? Kama yamekauka, matope yanateremka moja kwa moja na kufunika mawe ambayo samaki wa pwani hula na kuzaliana hapo. Mpe Ashura rafiki wa Tabora, mtoto wa mrina asali, aje kwa treni. Pampu peke yake haiwezi kumshinda huyo adui wa pili, na msomaji ataona hivyo bila kuambiwa.

UkweliMchungu

Mimi natofautiana nanyi. Binti ashindwe, mashine ife, kitabu kiishie hapo. Tumewazoesha watoto kwamba mwisho lazima uwe mzuri ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Riwaya ya namna hii kazi yake ni kutisha.

MwanaKatonga (Kigoma)

Mkuu UkweliMchungu, nimeitafakari hoja yako na sikubaliani nayo, japo naiheshimu. Anayesoma hiki kitabu ana miaka 14. Hakuchoma mkaa, hakusuka kokoro, na wala siyo yeye aliyepasha hewa joto. Kumtisha kwa jambo ambalo hakulifanya, kisha kumfungia mlango, mimi siwezi. Hofu iwepo, tena nyingi, lakini iwe na kazi ndani ya hadithi.

MtuWaMaji

Naongezea hapo hapo. Ziwa ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mkataba wa kulisimamia kwa pamoja ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003. Pampu ya Katonga ikivuta kupita kiasi, sumu haitauliza pasipoti. Unaweza kuwa na kijana wa Kalemie, ng'ambo ya Kongo, anayemtumia Ashura ujumbe: samaki wetu wanakufa, nyie mnakula. Hapo binti hana budi kuchagua kati ya watu wake wanaomshangilia na watu asiowajua.

BintiWaMwanga

Naomba na mimi niseme, nipo kidato cha tatu hapa Kigoma. Kaka, Ashura wako ana mtihani? Ana rafiki anayegombana naye? Vitabu vya mazingira wasichana wake huwa hawana kitu kingine maishani, wanaokoa tu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mimi nipo klabu ya Roots & Shoots, hizi klabu za mazingira zilianza mwaka 1991 na wanafunzi wa Dar es Salaam, watoto kama sisi, na tunapanda miche kweli, lakini tunacheka pia, tunakatiana tamaa, tunarudi. Na tafadhali asiyaweze yote peke yake. Asijue kila kitu. Mwache ashindwe hesabu ya kina cha bomba halafu mwenzake amsaidie. Mimi fizikia ninaipenda, weka hesabu yenyewe kitabuni tuikokotoe.

Na asije mgeni wa kutoka mbali sura ya mwisho na jibu kwenye mkoba.

MamaKibirizi

Huyu mtoto amesema. Msikilize kuliko sisi wote.

MwanaKatonga (Kigoma)

Nimemsikiliza, dada yangu. Basi oneni nilivyoamua, mnisahihishe kama kuna pa kusahihisha. Mashine inafanya kazi. Msimu wa kwanza dagaa wanarudi, taa zinawaka ziwani kwa mara ya kwanza tangu Ashura azaliwe. Mji unadai mabomba zaidi, na Ashura, akiwa na hasira ya kuonekana mtoto, anakubali. Mizoga inaanza Kalemie kabla ya kufika Katonga. Sehemu ya tatu yote ni vijana wa pande nne za ziwa wakibishana bomba lishuke mita ngapi, livute miezi mingapi, na nani ashike swichi. Mwisho mashine inabaki, ndogo, ikiwashwa kwa makubaliano na kuzimwa kwa makubaliano, na rafiki wa Tabora anarudi kwao kushughulika na maeneo oevu, kazi ambayo haitaisha ndani ya kitabu.

Hesabu ya bomba itakuwemo, BintiWaMwanga. Nitaiweka ukurasa mzima.

Swali langu lililobaki: nikimaliza, niupeleke wapi mswada?

TichaIsevya (Tabora)

Fuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, na riwaya ni kipengele kimojawapo. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kupeleka, hasa urefu wa mswada. Lakini kabla ya hapo nitumie sura tatu za mwanzo kwa ujumbe wa faragha. Nitawasomea kidato cha pili na nitakuandikia ni wapi walipohamisha macho.

MtuWaMaji

Na ukurasa wa hesabu upitishie kwangu kwanza. Shinikizo la maji mita 150 chini lina mtego wake pale unapochagua aina ya bomba.