Mjadala: Kulipua Gedo baada ya Garissa, ilikuwa haki au hasira?

Natupa hoja mezani, kila mtu aseme lake. Ila Wasomali wasitukanwe, maana wengi wao ni Wakenya wenzetu.

Alfajiri ya Aprili 2, 2015, al-Shabaab, kundi la wapiganaji kutoka Somalia, waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokutwa mabwenini. Siku chache baadaye ndege za jeshi letu, KDF, zikavuka mpaka na kupiga mkoa wa Gedo, Somalia. Wengi tulishangilia. Lakini je, tuliwapiga waliotuua?

Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Yule ambaye serikali ilimtaja kuwa mpangaji mkuu aliwahi kufundisha madrasa mjini Garissa kwenyewe. Kikosi cha Recce, makomando wa polisi, kilicheleweshwa Nairobi. Jioni ndipo kilipovamia bweni, na kilipoingia kazi haikuchukua muda. Sasa bomu la Gedo linatibu lipi kati ya hayo?

Kuna wanaosema jeshi halikupaswa kukanyaga Somalia kabisa, eti tulijitakia. Siko nao. Linda Nchi, operesheni iliyopeleka jeshi letu Somalia, ilianza Oktoba 2011, baada ya mtalii Mwingereza kuuawa Kiwayu, Lamu, na mkewe kutekwa, mama Mfaransa kuchukuliwa nyumbani kwake Manda, hukohuko Lamu, na wahudumu wawili wa misaada kutekwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Serikali ikataja ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, haki ya kujilinda. Al-Shabaab walikana kuhusika na utekaji huo, na huenda wale wa Lamu walikuwa maharamia tu. Lakini ng'ambo ya mpaka hapakuwa na serikali yenye nguvu ya kuwakamata, tungemshitaki nani? Mwaka 2012 mji wa bandari wa Kismayu ukatwaliwa, al-Shabaab wakapoteza bandari na ushuru wake. (Ya biashara ya makaa kuendelea bandarini hapo KDF wakiwepo, kama ripoti za Umoja wa Mataifa zilivyodai, nayo inataka mjadala wake.) Hiyo ilikuwa vita yenye shabaha, ukiipenda usiipende.

Gedo 2015 naiona tofauti. KDF walisema wameteketeza kambi mbili. Al-Shabaab wakasema mabomu yameangukia mashamba. Sisi tuliokuwa mbele ya televisheni hatukuwa na njia ya kujua nani mkweli, na wala hatukujali. Tulitaka kusikia kwamba kuna mtu amepigwa. Na kama lilikuwa shamba, mwenyewe aende kudai fidia wapi, Nairobi?

Najua mtaniuliza, "Kwa hiyo tungekaa kimya?" Hapana. Anayejua kambi inayoandaa shambulio jingine aipige, hata kesho, mradi aonyeshe ushahidi na ahesabu raia walio karibu. Anayetetea Gedo basi anijibu hili: kambi zile zilijulikana tangu lini? Kama zilijulikana kabla ya Garissa, kwa nini zilingoja wanafunzi 142 wafe kwanza?