Ndugu akikamatwa na jeshi la nchi nyingine: familia ianzie wapi?

Swali, kutoka London

Wanajumuiya, salaam. Kuna vijana wa kwetu Kenya walioahidiwa kazi Urusi wakaishia kuvalishwa sare, na wengine sasa wanashikiliwa Ukraine. Wazazi wanatupigia simu sisi tulio ughaibuni. Wenye ujuzi, tunaomba hatua zenyewe.

Jibu, kutoka Hamburg

Dada, asante kwa kuliuliza wazi. Kabla ya wakili na kabla ya ubalozi, anzeni na Msalaba Mwekundu. Mzazi aende ofisi ya Msalaba Mwekundu nyumbani, au ninyi mwende ya huko mliko, aombe huduma ya kutafuta ndugu. Ni bure. Maombi hufika Geneva, kwenye Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo tangu Machi 2022 ina kitengo maalumu cha waliopotea na waliokamatwa katika vita hivi.

Andaeni jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya baba na mama, namba ya pasipoti, picha, siku na mahali alipowasiliana mara ya mwisho, na namba ya kijeshi au ya kikosi kama aliwahi kuituma. Mengi hukwama kwenye jina. Warusi huandika kwa herufi zao, na jina la pili au la tatu la Mkenya huweza kuchukuliwa kuwa jina la baba au la ukoo, kwa hiyo mtu mmoja anaonekana kama wawili. Viza ya Urusi huandika jina kwa herufi za aina zote mbili. Ipigeni picha muiambatishe.

Akithibitishwa kuwa mateka wa kivita, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unamlinda hata kama si raia wa Urusi. Ibara ya 70 inataka aruhusiwe kuijulisha familia kwa kadi ndani ya wiki moja baada ya kufika kambini. Ibara ya 71 inampa angalau barua 2 na kadi 4 kwa mwezi. Barua husomwa na wanaomshikilia, basi andikeni habari za nyumbani tu: afya, watoto, shamba. Siasa, pesa na majina ya vikosi huifanya barua izuiwe.

Watu wanaogopa neno "mamluki", na wana haki ya kuogopa, maana mamluki hana haki ya kuwa mateka wa kivita. Lakini Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, ibara ya 47, ina masharti 6 ambayo lazima yatimie yote, na mojawapo ni kwamba mtu asiwe askari wa jeshi la upande unaopigana. Aliyesaini mkataba na Wizara ya Ulinzi ya Urusi ni askari wa jeshi hilo. Tunzeni nakala yoyote ya mkataba huo, hata picha ya ukurasa mmoja kwenye WhatsApp.

Msalaba Mwekundu hauwezi kumtoa. Kubadilishana mateka ni makubaliano ya serikali, kwa hiyo barua kwa Wizara ya Mambo ya Nje iende mapema. Aliyejeruhiwa vibaya ana njia nyingine: ibara za 109 na 110 za Mkataba wa Tatu zinataka arudishwe bila kungoja vita viishe. Vyeti vya hospitali vya zamani vitafuteni leo.

Jibu, kutoka Minneapolis

Kaka wa Hamburg amesema vema. Naongeza upande wa ndugu anayeshikiliwa na Marekani, kwa sababu sheria yake ni nyingine. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Boumediene, 12 Juni 2008, anayeshikiliwa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Cuba, anaweza kupinga kizuizi chake kwa ombi la habeas corpus, yaani kumtaka jaji apime kama anashikiliwa kihalali, katika mahakama ya shirikisho ya Washington. Ada ni dola 5. Ndugu anaweza kulifungua kwa niaba yake, ila aeleze kwa nini mwenyewe hawezi, na athibitishe uhusiano. Katika kesi ya Hamdi, mfungwa aliyeshikiliwa na jeshi la Marekani, mwaka 2002, wakili asiye na uhusiano naye alikataliwa, baba yake akakubaliwa. Vyeti vya kuzaliwa vina uzito kuliko hotuba.

Mahali pa kizuizi hubadili kila kitu: mwaka 2010 mahakama ya rufaa iliwanyima njia hiyo raia wa kigeni waliokuwa Bagram, kambi ya jeshi la Marekani nchini Afghanistan. Na kutoka si haraka. Mohammed Abdulmalik, Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 akapelekwa Guantánamo, hakuwahi kushtakiwa. Bodi ya mapitio ilikubali ahamishwe mwaka 2021, akarudishwa Kenya Desemba 2024.

Jibu, kutoka Nairobi

Kuhusu simu. Mkipata video ya kijana wenu akihojiwa na waliomkamata, nawasihi msiisambaze. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva inakataza mateka kufanywa kioja cha umma. Ihifadhini faili asili pamoja na kiungo na tarehe, mkabidhi Msalaba Mwekundu na wakili. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinahusu kujiunga na jeshi la kigeni bila idhini, kwa hiyo wazazi wasiandike mtandaoni kwamba "alienda kupigana kwa hiari", wala wasisaini hati ya kiapo kabla wakili hajaisoma.

Atakayepiga akidai dola za "kumtoa" msimlipe, hata kama sauti inafanana na ya kijana. Siku hizi sauti huigizwa kwa kompyuta. Muulizeni jambo la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa mtandaoni.