Kufuatilia basketi ya wadada wa vyuo vidogo Marekani, mnafanyaje?

Mama_Sakina: Wadau habari, binti ya dada angu anacheza chuo kidogo kule Marekani, divisheni 3 (daraja la tatu la michezo ya vyuo kule), nataka nimfuatilie msimu mzima nikiwa hapa Arusha, mechi zinaonyeshwa wapi na saa ngapi zetu? Kwenye king'amuzi sizioni.

Kijana_wa_Moshi: King'amuzi sahau dada, ingia tovuti ya michezo ya chuo chenyewe, ratiba iko pale na vyuo vingi wanarusha laivu bure. Msimu unaanza Novemba. Kama chuo kiko mashariki, mechi ya saa moja jioni kwao huku ni saa tisa usiku, ila za Jumamosi mchana ndo tamu, saa nane yao ni saa nne usiku kwetu unaangalia vizuri kabisa. Bando likiwa dogo fuata takwimu za laivu, hazili data nyingi.

Mdau_Njiro: Halafu Januari na Februari usikose, ndo mechi za kanda yao, yaani kundi la vyuo wanaoshindana nao, bingwa wa kanda anaingia moja kwa moja mashindano ya taifa mwezi wa tatu. Hope College ya Michigan, chuo kidogo tu, walibeba kombe 2022! Na divisheni 3 hawatoi skolashipu za michezo, hao mabinti wanasoma na kucheza kwa mapenzi tu, mimi nawaheshimu sana.

Mama_Sakina: Asanteni jamani, kumbe ndo maana anaongelea mitihani kila saa. Jumamosi niko macho.