Mjadala: Mabaraza ya sera ya chakula yana faida, au ni vikao tu?

Wakuu, naleta hoja. Tangu mji wa Knoxville, Marekani, uanzishe baraza la sera ya chakula mwaka 1982, miji mingi imeiga: wakulima, wachuuzi, watu wa afya na maofisa wanakaa pamoja kuushauri uongozi wao. Msimamo wangu ni kwamba baraza lisilogusa fedha za umma halimsaidii anayelima wala anayekula.

Tazameni Brazil. CONSEA ni baraza la chakula la taifa, si la mji, lakini lilipigania jambo ambalo kila mji ungeweza kuliiga: sheria ya 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wa familia. Zabuni ya kawaida humpa ushindi mwenye malori na bei ya chini kabisa. Sheria ile iliruhusu kutangaza mahitaji na bei mapema, kisha mkulima akauza kwa bei hiyo bila kupambana na kampuni kubwa. Los Angeles nayo ilipitisha sera ya manunuzi ya chakula mwaka 2012, baada ya baraza lake kuishikia bango.

*

Mkuu, nakupinga kidogo. Rais Bolsonaro aliifuta CONSEA siku ileile aliyoapishwa, Januari 2019. Ukijifunga sana na serikali, upepo wa siasa ukibadilika, baraza limekwisha. Baraza la Toronto, Canada, la mwaka 1991, lilikuwa la kushauri tu chini ya bodi ya afya ya mji, na lilifanya kazi kwa miongo.

Halafu nani anahudhuria? Vikao vinaitishwa saa nne asubuhi. Mchuuzi akija, siku hiyo hajauza. Wanaobaki mezani ni wenye mishahara, nao ndio wanaoitwa sauti ya jamii.

*

Hilo la saa nne nakubaliana nawe kabisa, na linaniuma. Mchuuzi alipwe fidia ya siku yake, au kikao kihamie jioni, sokoni kwake.

Ila kuhusu Brazil, CONSEA ilirudishwa 2023, na muda wote ambao haikuwepo sheria ya asilimia 30 iliendelea kutumika. Wajumbe walitimuliwa, mkulima akaendelea kuuza shuleni. Ndiyo maana nadai mabaraza yaache kutoa matamko, yadai sheria.