Klaudi binafsi: ping inapita, SSH inaganda. Siku ya tatu nimekwama, naombeni ushauri

Kebo_Fupi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nimejenga klaudi binafsi ya OpenStack (programu huria ya kuendesha klaudi) kwa ajili ya kazi zetu za ndani. Seva ni tatu: moja imebeba Neutron (sehemu ya OpenStack inayosimamia mtandao) na huduma za usimamizi, mbili zinabeba VM, yaani mashine pepe. Mitandao ya miradi inapita kwenye VXLAN (handaki linalobeba mtandao mmoja ndani ya mwingine) juu ya Open vSwitch, swichi ya programu. Zamani tulitumia VLAN (kugawa mtandao kwa namba kwenye swichi), lakini kila mradi mpya ukija ilibidi nimpigie magoti mtu wa swichi anipitishie namba nyingine, na namba zenyewe mwisho wake ni 4094. Nikachoka, nikahamia huku.

Sasa shida. VM mbili zikiwa ndani ya seva moja, kila kitu kinakwenda vizuri. Zikikaa seva tofauti, ping inapita bila kupotea hata moja, DNS inajibu, ila SSH (ya kuingia VM kwa mbali) inaganda. Nikiweka -v inafika hapa na kulala:

`debug1: expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY`

Curl nayo inaunganisha, halafu kimya. Logi hazisemi kitu. Nimefungua sekyuriti grupu (faiawoli za VM) zote (ndiyo, zote, msinipige mawe) na nimewasha upya kila kinachowashika. Nianzie wapi?

Zamu_ya_Usiku

Hiyo ni faiawoli mkuu, huna haja ya kuumiza kichwa. Zima SELinux na iptables kwenye seva zote, ujaribu tena.

Bibi_Ruta

@Zamu_ya_Usiku hapana, usimpoteze mwenzio. Faiawoli ikikataa SSH inaikataa mlangoni, kwenye paketi ya kwanza kabisa. Hapa wameshapeana salamu na kutajiana matoleo, kigugumizi kimeanza wakati wa kubadilishana funguo. Kilichobadilika hapo ni ukubwa wa paketi. Salamu ni paketi ndogo, orodha ya algoriti na funguo ni mzigo mnene. Ping ya kawaida nayo inabeba baiti 56 tu za data, hata mlango wa paka inapita.

Mleta uzi, VXLAN ni barua ndani ya bahasha nyingine. Fremu nzima ya VM, pamoja na kichwa chake cha Ethernet cha baiti 14, inafungwa ndani ya kichwa cha VXLAN baiti 8, UDP 8 na IP 20. Jumla 50. Kama kadi ya mtandao ya seva yako ina MTU (ukubwa wa juu wa paketi, kwa baiti) ya 1500, VM inabakiwa na 1450. VM ikiamini ina 1500, itatuma paketi isiyoingia kwenye bahasha, na paketi hiyo inatupwa bila hata kwaheri. VM zilizo seva moja hazifungi bahasha yoyote, ndiyo maana huko hukuona shida.

Ingia kwenye VM, tuletee `ip link show eth0`. Halafu ipige VM ya seva ya pili hivi, ukipandisha namba kidogo kidogo:

`ping -M do -s 1422 <anwani ya VM ya pili>`

Hiyo `-M do` inakataza paketi kukatwa vipande. Kwenye namba utakayopata ongeza 28, yaani vichwa vya IP na ICMP (itifaki inayobeba ping na taarifa za hitilafu), ndiyo MTU yako ya kweli.

Kebo_Fupi (mleta uzi)

Bibi, shikamoo! eth0 inasema MTU 1500. Ping ya 1422 inapita, 1423 inapotea kimya kimya. Baiti moja! Nimerudia mara tano nikidhani nimekosea kuandika.

Kwa mkono nimepiga `ip link set dev eth0 mtu 1450` kwenye VM zote mbili, na SSH imefunguka kabla sijaondoa kidole kwenye Enter. Ila mbona Neutron haikuziambia VM namba sahihi?

Bibi_Ruta

Marahaba. Neutron iliziambia. Piga `openstack network show` kwenye mtandao huo, utakuta MTU ni 1450. Namba hiyo inatumwa na DHCP (inayozipa VM anwani) kwenye opsheni ya 26. Naweka dau kwamba imeji (nakala ya diski) mliyopandishia VM mliitengeneza wenyewe, na ndani yake kuna mtu aliyeandika 1500 kwenye faili la mtandao.

Kebo_Fupi (mleta uzi)

Mtu mwenyewe ni mimi. Mwaka juzi.

Swichi_Kongwe

Msiishie kubana VM. Tatizo liondoeni chini: swichi na kadi za seva wekeni 9000, VM zipate 1500 yake kamili na wala zisijue kwamba kuna handaki. Mimi VM za kugusa moja moja sizitaki, kesho atakuja mtu na imeji nyingine ya 1500 mrudi palepale.

Bibi_Ruta

Nakubaliana na Kongwe, kwa sharti la kufuata mpangilio. Anza na swichi, kila mlango ambao handaki linapita, pamoja na nyaya kati ya swichi na swichi. Wengi husahau hizo. Kisha kadi za seva, na kama mna bondi (kadi kadhaa zilizounganishwa kuwa moja), MTU ipande kwenye bondi pia. Jaribu seva kwa seva `ping -M do -s 8972`. Ikipita pande zote ndipo uguse mipangilio ya Neutron, `global_physnet_mtu` na `path_mtu`. Ukiwahi Neutron kabla ya swichi, VM zitaambiwa zina nafasi ambayo haipo, na balaa hilo ni kubwa kuliko hili la leo. Kwa VXLAN mtandao wa chini ukifika 1550 tu umetosha, hiyo 9000 ni ya kujipa pumzi.

Na siku ukihamia OVN (mfumo mwingine wa mtandao chini ya Neutron), handaki linakuwa Geneve, bahasha yake inakula 58. Ukiona 1442 usishtuke.

Kebo_Fupi (mleta uzi)

Narudi, wakuu. Imeji nimesafisha, VM mpya zinachukua 1450 zenyewe. Lakini konteina za Docker (programu zilizofungwa kila moja peke yake) ndani ya VM zikivuta faili kutoka nje, upakuaji mwingine unaanza na kuganda. VM yenyewe ikivuta faili lilelile, linashuka vizuri.

Swichi_Kongwe

Ugonjwa uleule, ghorofa ya juu yake. Daraja la Docker limebaki 1500, kwa hiyo konteina inaiambia seva ya mbali "nitumie vipande vya 1460". Vikifika mlangoni kwako haviingii kwenye handaki. Ruta inarudisha ICMP ya kuomba vipunguzwe, na kuna watu huko nje wanaozuia ICMP zote wakidhani ndiyo usalama. Weka `"mtu": 1450` kwenye daemon.json, faili la mipangilio ya Docker, uwashe Docker upya.

Zamu_ya_Usiku

Hapa nina la kusema, nalo limeniuma mwenyewe: daemon.json inagusa daraja la msingi tu. Mitandao inayoundwa na Compose (zana ya kupandisha konteina nyingi pamoja) inabaki 1500. Kila mmoja uuwekee `com.docker.network.driver.mtu: 1450` chini ya driver_opts, uufute na kuuunda upya.

Kebo_Fupi (mleta uzi)

Zamu, nilikuwa na mitandao minne ya Compose na yote ilikuwa 1500. Sasa faili zinashuka. Swichi nimeomba muda wa matengenezo Jumamosi usiku. Nikipata 8972 seva kwa seva nitaleta majibu hapahapa.