Tupeane uzoefu: changisho la kwanza mtandaoni kwa sisi wa kazi za mikono

Mama Ukili, Bagamoyo
Habari za jioni wadau. Sisi ni akina mama tunaosuka vikapu vya ukindu. Kusuka hakutupi shida, shida ni vishikio vya ngozi. Inabidi tuvipeleke vikapu kwa fundi Dar, na ukijumlisha nauli na hela ya ufundi, faida inabaki kidogo mno. Tunataka cherehani yetu ya kushonea ngozi. Mkopo unadai dhamana ambayo hatuna, kwa hiyo tumeamua kuchangisha mtandaoni: mtu anatanguliza hela, kikapu anatumiwa baadaye. Mliokwisha kupita njia hii, mlijiandaa vipi kabla ya kufungua changisho? Naomba mliyoyafanya wenyewe, si ya kusikia.

Fundi Mawe, Kisii
Hongera mama. Mimi nachonga mawe laini ya Tabaka, na adui yangu ni uzito. Kabla sijaandika bei hata moja nilichukua bakuli la wastani, nikalifunga kwa magazeti na maboksi mawili, moja ndani ya lingine, nikalipeleka posta. Nauli ya kulifikisha Ulaya ilizidi bei ya bakuli lenyewe! Nikapanga upya zawadi za wachangiaji: walio nje nikawawekea vijiko vya chumvi na wanyama wadogo wa mezani, mabakuli yakabaki kwa wachangiaji wa hapa Kenya, yanasafiri kwa basi. Vikapu vyenu ni vyepesi ila vinakula nafasi, na wasafirishaji wengi wanatoza kwa ukubwa wa boksi pia. Ulizeni kama vinaweza kulazwa bapa bila kuvunjika ukingo.

Kwa michango ya nyumbani nilitumia M-Changa, mtandao wa kuchangisha wa hapa Kenya. Mtu anatuma kwa M-Pesa, haulizwi kadi ya benki.

Mpwa wa Mchongaji, Uingereza
Kuna jambo mlijue mapema: Kickstarter, mtandao wa kuchangisha wa Marekani, haipokei mwenye kampeni anayeishi Tanzania wala Kenya. Mjomba wangu anachonga mwarobaini Mombasa, mimi ndiye mkazi wa huku, kwa hiyo kampeni ilikuwa ya jina langu, na mstari wa kwanza kabisa ulieleza nani anachonga na nani anapokea fedha. Tuliandikiana na mjomba karatasi, tukasaini wote wawili, ingawa ni ndugu wa damu. Fedha za watu zinataka maandishi.

Pale ni yote au hakuna: lengo lisipotimia, hakuna kadi inayokatwa na wewe huambulii kitu. Likitimia wanachukua asilimia 5, na malipo ya kadi yanakula karibu asilimia 3 nyingine na senti kadhaa kwa kila mchango. Makato hayo yaingie ndani ya lengo tangu mwanzo. Ushuru nao ni wa kuangalia. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo Julai 2021, na Marekani ikafuta msamaha wa ushuru wa forodha kwa bidhaa zisizozidi dola 800 Agosti 2025. Mweleze mchangiaji wazi nani atalipa, asije akashtukia bili mlangoni.

La mwisho, mbao. Nyumba za huku zinapashwa moto wakati wa baridi, na mti usiokauka vizuri unapasuka. Mjomba alianza kukausha miezi kabla ya tangazo.

Binti wa Shanga, Arusha
Mimi nasisitiza ahadi. Sisi tumelelewa na kamati za harusi, tunajua kadi ya mchango haihesabiwi mpaka mtu ataje kiasi. Nilifungua daftari: jina, namba ya simu, kiasi, siku atakayotoa. Nikapiga simu mmoja mmoja. Aliyesema "tutaona" sikumwandika. Waliokuwa wamependa picha zangu mtandaoni nao sikuwahesabu, maana kupenda picha hakununui shanga. Nikawaomba walioahidi watoe siku ile ile ya kufungua, kwa sababu mgeni akikuta sifuri anapita zake, akikuta watu wamekwisha kuingia naye anaingia.

Na tarehe sikuitangaza mpaka ahadi zilipofika sehemu nzuri ya lengo. Ndugu walinihimiza nifungue haraka, nikakataa.

Msusi, Pemba
Dada yangu, hesabu mikono. Kila mwanakikundi asuke kikapu kimoja chenye kipimo kile kile, muone kinachukua siku ngapi pamoja na kazi za nyumbani, ndipo muweke kikomo cha vikapu. Ukindu unataka jua. Msiahidi kupeleka mzigo Mei, masika ikinyesha ukindu haukauki na unaota ukungu. Rangi nayo hubadilika kila chungu: nyekundu ya leo na ya wiki ijayo si moja. Andikeni hivyo chini ya picha, na picha iwe ya kikapu mlichokwisha kukisuka.

Mdau, Kampala
Kama mnaweza kurejesha, tazameni na Kiva, mtandao wa kukopeshana. Ule ni mkopo, watu wanachangia kidogo kidogo bila kudai riba. Lakini taasisi ya nchini kwenu inayowafikishia fedha inaweza kutoza riba yake, muulize kwanza.

Mama Ukili, Bagamoyo
Mungu awabariki. Kesho tunafunga kikapu kimoja tunakwenda nacho posta, na daftari la ahadi linaanza leo usiku. Swali moja limebaki: video. Mwanangu anajua Kiingereza, wenzangu wanataka aongee yeye.

Binti wa Shanga, Arusha
Aongee anayesuka, kwa Kiswahili chake, huku mikono inasuka. Kijana aandike tafsiri chini ya picha. Na mwonyeshe kikapu kisicho na kishikio cha ngozi, halafu mtaje bei ya cherehani waziwazi.