WAPIGA PICHA WANNE??? Yule mtu wa kipindi cha jana usiku amevuka mpaka

MlindaRingi (mwanzisha uzi)

Wakuu, sijalala. Simtaji, mnamjua. Yule yule mchambuzi wa televisheni, wa suti za kubana na kicheko cha jenereta inayoishiwa mafuta.

Jana wakaonyesha vipande vya Kombe la Dunia la kikapu la 2023, ikafika zamu ya Kepuvede, wale wa visiwa vya Afrika Magharibi. Nikapandisha sauti. Nikasema leo timu yangu inapewa haki yake. Mwenzake akamuuliza, "Hawa jamaa unawaonaje?" Akajiegemeza kwenye kiti, akapanga karatasi zake tupu, akajibu: "Hao ni mtu mmoja mrefu na wapiga picha wanne."

WAPIGA PICHA WANNE!

Studio nzima ikacheka. Hata yule msoma matokeo, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kuonyesha meno, jana tulihesabu hadi magego.

Nchi ya watu nusu milioni na ushei. Visiwa kumi, na kimoja hakina hata mkazi wa kuwasha taa. Hakuna nchi yenye watu wachache namna hiyo iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia la kikapu. Wakaenda hadi Okinawa, wakapangwa na Slovenia ya nyota Luka Dončić, Georgia na Venezuela. Venezuela wakalala 81-75. Nani aliwalaza, kamera? Walimulikwa machoni wakaanguka?

Ndiyo, huyo mrefu wetu Edy Tavares ana mita 2.21, sikatai. Sasa yeye ndiye alijirushia mpira kutoka kona, akajipa pasi, akafunga, kisha akakimbia kujishangilia benchi? Wapiga picha wanne! Watu wametoka jasho la kujaza kisima, mtu ameketi kwenye kiti cha kuzunguka anawaita wapiga picha!

Nataka aombe radhi. Kwa sauti. Amesimama.

BintiRobo4

Mkuu pole, ila nimecheka hadi jirani amegonga ukuta. Wapiga picha wanne 😂😂

KijanaWaBenchi

Huyu mtu mwezi uliopita aliniudhi kwa Georgia hivyo hivyo, sikufungua uzi. Nilikunywa maji nikalala. Jifunze kunywa maji, kaka.

MzeePointiTatu

Mwanzisha uzi umekosa hoja iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2007 Kepuvede walichukua shaba ya AfroBasket, ubingwa wa kikapu wa Afrika, kule Angola. Edy alikuwa na miaka 15, yuko zake kisiwani Maio, kikapu hajaanza hata kukicheza. Haya, mwaka huo mtu mrefu alikuwa nani?

MlindaRingi

MZEE ASANTE! Shaba! Na wakati huo "mtu mmoja mrefu" ni mtoto wa shule! Kwa hiyo shaba ililetwa na wapiga picha watano?

Ribaundi_Tupu

Tulia. Kundi lile lile la 2023 Georgia waliwapiga 85-67, Slovenia 92-77. Halafu Japani 80-71, na kwa ushindi huo Wajapani wakajikatia tiketi ya Olimpiki ya Paris. Yaani wenzenu wamepanda ndege ya Paris kwa mgongo wenu, wewe unagombana na mtu wa televisheni.

MlindaRingi

Robo ya nne ile dhidi ya Japani uliitazama au ulisoma matokeo asubuhi? Ukumbi mzima wa wenyeji ulikaa kimya kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Wapiga picha hawanyamazishi ukumbi!

BintiRobo4

Wapiga picha huwa wanasema "tulieni hapo hapo", labda ndiyo maana 😂

Mwalimu_wa_Pasi

Samahani, mimi kinachoniudhi ni jina. Mara Kepuvede, mara Cape Verde, mara Kepu Vedi. Wenyewe waliomba tangu 2013 waitwe Cabo Verde kila mahali. Huyo mchambuzi jana aliita kwa namna tatu ndani ya dakika moja. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

KijanaWaBenchi

Kiswahili kina majina yake, mwalimu. Ujerumani nao wanajiita Deutschland, mbona huwapiganii?

Mwalimu_wa_Pasi

Ujerumani hawajaandika barua ya kuomba. Tofautisha.

MguuWaKushoto

Mnahangaika bure na kikapu. Dunia inawajua kwa soka sasa, wamefuzu Kombe la Dunia la 2026 wakiwa nyumbani Praia, Eswatini wamekula tatu bila. Hapo sijamsikia akitaja wapiga picha.

MlindaRingi

Huu ni uzi wa KIKAPU. Na bado hajaomba radhi.

NyotaYaJuba

Mnazungumzia matusi? Sisi Sudan Kusini, Olimpiki yetu ya kwanza ya kikapu, 2024, mechi na Puerto Rico, wachezaji wamesimama mkono kifuani, wanapigiwa wimbo wa taifa wa SUDAN. Nchi tuliyojitenga nayo! Ninyi mmeitwa wapiga picha, sisi tumeitwa watu wengine kabisa.

MzeePointiTatu

Dah. Hilo linauma kuliko wapiga picha, tuseme ukweli.

NyotaYaJuba

Tukawapiga 90-79, hasira yote ikaishia kwenye ringi.

Ribaundi_Tupu

Ila ile ya kirafiki London na Marekani mliichezea wenyewe. 101-100! Mnaongoza, zimebaki sekunde chache, LeBron James anakuja na mpira, dunia nzima inajua anakwenda wapi, mnamwachia njia hadi chini ya ringi kama mgeni rasmi.

NyotaYaJuba

Hapo usiniguse. Nilikuwa nimeshapanda juu ya kochi.

BintiRobo4

Mimi nilikuwa nimeshamtumia shemeji ujumbe wa "tumewapiga". Hajaacha kuurudisha hadi leo.